Koti la Ndege Lililobaki Olbalbal

Upepo wa Karatu wa mwezi wa saba hauna adabu. Unamkuta kondoo malishoni, unamvua sufu yake yote, na jioni kondoo anarudi nyumbani anaomba kuazima shuka. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku ya mnada Mzee Piusi alipotoka kwake amefunga vifungo vyote mpaka kooni. Kwanza, upepo ulikuwepo. Pili, huyo alikuwa Piusi, na Piusi hajaacha kifungo wazi tangu mwaka 1974.

Mwaka huo ndipo jeshi lilipomchukua, kijana wa Kiiraqw aliyekuwa akivuna ngano ya baba yake. Wenzake walipewa bunduki wakapelekwa porini. Yeye alipewa ovaroli akapelekwa kwenye ndege ya mizigo. Hakuwa rubani, ingawa mkewe Selestina amewaambia majirani kwamba alikuwa, na kwamba siku moja alianika nguo zake kwenye bawa zikakauka kabla ya kufika Mwanza. Kazi ya Piusi ilikuwa tumboni mwa ndege. Alipanga magunia, akayafunga kwa mikanda, akakaa nayo humo gizani kuhakikisha hayatembei ndege ikipanda, na wakitua anafungua mlango mkubwa wa nyuma. Miaka ishirini aliifanya kazi hiyo, na katika yote aliyoyaona, nchi kutoka juu, mawingu, Kilimanjaro ikiwa usawa wa macho, kitu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa nguo.

Ovaroli lile lilikuwa kipande kimoja kutoka shingoni mpaka miguuni, rangi ya majani makavu, na zipu ndefu unayoweza kuisikia ikifungwa kutoka bweni la pili. Lilikuwa na mifuko kila mahali, mpaka kwenye goti, kwa sababu mtu aliyekaa amejifunga mkanda hawezi kufikia mfuko mwingine. Kifuani upande wa kushoto palishonwa mabawa madogo ya uzi wa njano. Na juu ya ovaroli kulikuwa na koti. Koti la ndege lilikuwa zito, limetiwa sufu kwa ndani, kola yake inainuka mpaka masikioni, maana huko juu hata nchi hii ya jua ina baridi ya kumfanya mtu amkumbuke mama yake.

Na kanuni zake sasa. Chini ya ovaroli, nailoni marufuku. Pamba tupu, au sufu. Nailoni ikipata moto haiungui, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mikono ya nguo ishushwe mpaka kwenye kifundo cha mkono, hata jasho likitiririka. Pete ivuliwe, kwa sababu ngazi ya ndege ikiipata pete inachukua na kidole. Kofia isikaribie mapangaboi yanayozunguka. Ncha za kamba za buti zichomekwe ndani. Koti lisivuliwe angani kwa sababu yoyote. Na mwisho, kubwa kuliko zote: nguo za ndege hazitoki geti la kambi isipokuwa zimo ndani ya ndege. Si kwenda kilabuni, si kwenda kanisani, si kumwonyesha mchumba.

Selestina alizijua zote kwa kupiga pasi tu. Aliyapiga pasi ya mkaa maovaroli yale miaka na miaka, nyumbani kwao ndani ya kambi, na mpaka leo wajukuu wakija na fulana za kuteleza anawaambia, "Itoe karibu na jiko hiyo, babu yenu asije akazimia." Binti yao Lusia alipoolewa, Piusi alimkagua bwana harusi kuanzia kola mpaka viatu, mbele ya wakwe wote. Akamwambia aende akachomeke kamba.

"Bwana harusi wa watu, Baba Lusia," Selestina alisema.

"Anaweza kujikwaa," alisema Piusi.

Basi mtu wa namna hiyo, wiki ile ya mnada, alikuwa ameketi na redio yake akasikia tangazo. Raia yeyote mwenye vazi la jeshi, au linalofanana nalo, alirudishe ndani ya wiki moja. Likikutwa mwilini mwake baada ya hapo, kesi. Selestina alikuwa anachambua maharage. Aliona mumewe anaizima redio taratibu, kama mtu anayefunika kitu.

"Wewe si ulirudisha vyote siku ya kustaafu?" aliuliza.

"Vyote."

"Mbona umekuwa rangi ya ugali?"

Piusi aliketi kumsaidia kuchambua maharage. Yeye alirudisha vyote isipokuwa kimoja, na hicho kimoja kilikuwa kinatembea Olbalbal nyuma ya ng'ombe, mgongoni kwa rafiki yake wa Kimaasai, Moloimet.

Ilikuwa masika ya mwaka 1986. Ndege yao ilipeleka dawa za ng'ombe kule chini, kwenye uwanda wa Olbalbal, mahali ambapo kiangazi hata nzi wanatembea na kibuyu cha maji. Lakini masika pale pana ujanja. Juu unaona udongo umekauka umepasuka vizuri, chini yake kuna uji. Ndege ilitua, ikakimbia, ikasimama, kisha ikaanza kuzama kama ng'ombe anayelala. Walikaa siku mbili. Siku ya tatu vijana wa Kimaasai waliivuta. Olbalbal wanasema morani walikuwa mia mbili. Walikuwa hamsini, na punda kumi na wanne, na mbwa mmoja aliyekuwa anabweka tu lakini naye akahesabiwa. Aliyewapanga kwenye kamba alikuwa Moloimet, morani mrefu aliyekuwa na homa kali. Siku zote mbili alikuwa amesimama kwenye mvua akiilinda ndege ile, amejifunga shuka lililolowa, kwa kuwa wazee walimwambia ailinde na hakuna aliyemwambia aache.

Ndege iliposimama pakavu, Piusi alimwona kijana yule anatetemeka mpaka shanga zake zinalia. Akavua koti. Hakufikiri. Alimvalisha, akafunga zipu mpaka kidevuni, akainua kola. Rubani alikuwa mbele anahesabu swichi zake, hakuona. Saa hiyohiyo Moloimet akaleta mtamba mweupe, akamkabidhi kamba. Piusi alisema ndege si zizi. Moloimet akasema basi mtamba atakaa kwake, lakini ni wa Piusi, na uzao wake pia.

Sasa, kwa Wamaasai watu wawili wakipeana kitu kutoka moyoni, jina la kuzaliwa linawekwa kando. Waliopeana dume wanaitana Pakiteng', kila mmoja anamwita mwenzake hivyo mpaka kufa. Hawa wawili walipeana koti. Tangu siku hiyo wakawa Pakoti na Pakoti, na Olbalbal yote, mpaka watoto waliozaliwa jana, wanamjua Moloimet kwa jina hilo.

Kambini, Koplo Hilary wa stoo alishika daftari. "Koti liko wapi?"

"Limeungua," alisema Piusi.

"Limeungua, na wewe uliyekuwa ndani yake hukuungua?"

"Nilikuwa nimelivua."

"Angani?"

"Angani."

Akaandikwa hivyo. Akafagia uwanja wa ndege siku kumi na nne. Kufagia hakukumuuma. Kilichomuuma ni lile daftari, kwamba mahali fulani katika nchi hii imeandikwa kwa wino kuwa Piusi alivua koti angani.

Ndiyo maana alifika mnadani kabla ya mbuzi. Alijua Moloimet atakuja, maana hajawahi kukosa mnada wa tarehe saba. Na kweli saa nne alimwona kwa mbali, akiwapita watu wote kwa kichwa, koti mgongoni, kijani chake kimefubaa. Nareyu, mke wa Moloimet, alikuwa ameshonea shanga nyekundu na nyeupe kuzunguka kola yote, na kwapani ameongeza mfuko wa ugoro.

"Pakoti," aliita Moloimet.

"Pakoti. Vua hilo koti."

Moloimet alicheka. "Baridi hii? Umekunywa nini asubuhi?"

"Hujasikia redio?"

"Redio yangu imekufa betri. Na ingekuwa hai, ng'ombe wanapenda nyimbo, hawapendi matangazo."

Piusi alimvuta nyuma ya vibanda vya nyama, akamweleza. Moloimet alisikiliza huku akinyoosha fimbo kumfukuza mbwa.

"Aliyetangaza ndiye aliyenipa?" aliuliza.

"Hapana."

"Aliyenipa ni wewe. Wewe unalitaka?"

"Silitaki."

"Basi tule nyama."

"Moloimet," alisema Piusi, na hapo mwenzake akageuka, maana jina hilo hakuwa amelisikia kinywani mwake kwa karibu miaka arobaini. "Koti halikuwa langu. Lilikuwa la jeshi. Mimi nilivalishwa tu."

"Lilikuwa mwilini kwako."

"Hata matandiko huwa mwilini kwa punda."

"Kwa hiyo ulikuwa punda."

"Nilikuwa punda wa serikali. Na stoo nilidanganya kwamba limeungua."

Moloimet aliiweka fimbo chini. Moshi wa nyama ulipita kati yao mara tatu. Akashika kola na kuzipapasa shanga za Nareyu moja moja.

"Mtamba alikuwa wangu," alisema mwishowe. "Mama yake nilimzalisha kwa mikono hii. Mimi nilikupa changu, wewe ukanipa cha watu. Na huko nyumbani naitwa kwa jina la kitu cha wizi."

"Usiseme wizi."

"Niseme nini? Wewe ndiye mtu wa kanuni. Nipe neno."

Piusi alitafuta neno. Kanuni alizijua zote, za pete na za kamba na za kofia, lakini neno hilo hakuwa nalo. Alichoogopa wiki nzima kilikuwa aibu ya daftari. Sasa aliona kwamba kulikuwa na kikubwa zaidi: rafiki yake angeweza kuondoka pale akarudi kuwa Moloimet tu, na yeye Piusi tu, wazee wawili wanaosalimiana sokoni.

Moloimet aliokota fimbo yake. "Twende," alisema.

"Wapi?"

"Kwa wenyewe. Tukawaombe wanipe wao."

"Jeshi halitoi zawadi."

"Limewahi kuombwa?"

Hilo nalo halikuwemo kwenye kanuni. Wakaenda.

Mavazi yalikuwa yakikusanywa kwenye ofisi ya kata, meza imetolewa nje upande usio na upepo. Nyuma ya meza aliketi sajenti mwanamke, kijana, jina lake Angelina limeandikwa kifuani, na pembeni yake lundo la suruali za mabaka, kofia, begi, na kikaptula cha mtoto wa miaka miwili. Mbele yao mama mmoja alikuwa anarudisha aproni ya mabaka aliyokuwa akipikia maandazi.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

Moloimet alivua koti akaliweka mezani. Angelina alilipokea kama alivyopokea aproni, kisha mkono wake ukasimama. Aligusa kola. Akafungua zipu, akageuza upande wa ndani, akaisoma namba iliyopigwa kwa wino usiofutika.

"Hili si la kawaida. Hili la wapanda ndege," alisema. "Babu, umelipata wapi?"

Piusi alimtazama Moloimet. Moloimet alilitazama daftari lililofunguliwa mezani, na kalamu, na bastola kiunoni mwa binti yule. Alikuja pale kuomba. Lakini hapohapo akabadili nia.

"Nililiokota," alisema. "Lilianguka kutoka juu, siku ya mvua. Nikajua ni la Mungu."

"La Mungu."

"Huko juu nani mwingine ana baridi?"

"Na Mungu anavaa saizi ya kati?"

"Sikumpima," alisema Moloimet, uso mkavu kama uwanda wa kwao.

Hapo jambo lingeweza kuishia. Angelina aliinamisha kalamu kuandika "limeokotwa", na Piusi angeweza kwenda nyumbani akanywa chai. Hakuna ambaye angemuuliza chochote. Rafiki aliyemwita mwizi nusu saa iliyopita alikuwa amesimama mbele ya askari anamsemea uongo, kifua wazi kwenye baridi, na hata hakuwa anamtazama.

"Ni langu," alisema Piusi.

Angelina aliinua macho.

"Namba hiyo ni yangu. Sajenti mstaafu Piusi. Nilimpa mwenyewe, Olbalbal, mwaka themanini na sita. Alikuwa na homa. Stoo niliandikisha kwamba limeungua."

"Limeungua vipi?"

"Kwamba nililivua angani, likaangukia penye moto."

"Ulilivua angani?"

"Sikulivua!" Mama wa maandazi aligeuka. Piusi akashusha sauti. "Binti yangu, hapo ndipo pa kuandika vizuri. Andika kwamba nilidanganya. Andika kwamba nilitoa mali ya jeshi. Lakini andika pia kwamba miaka ishirini Piusi hakuvua koti angani, wala hakukunja mkono wa ovaroli, wala hakupanda ndege na pete. Muulize mke wangu. Pete yangu ilikaa kwenye kopo la chumvi mpaka nikastaafu."

Angelina aliweka kalamu chini. "Chini ya ovaroli mlivaa nini?"

"Pamba."

"Kwa nini si nailoni?"

"Inayeyuka. Inaganda kwenye ngozi, haitoki."

"Wenzangu wanasema ni ukorofi wa wakubwa," alisema. "Mimi nimetoka kikosi cha anga, afande. Kanuni hiyo bado ipo. Tunaisoma, hakuna aliyetueleza sababu."

Lile neno, afande, lilimnyoosha Piusi mgongo mpaka akawa mrefu karibu sawa na Moloimet. Akaeleza. Alieleza nailoni, akaeleza pete, akaeleza kwa nini mfuko uko gotini, akaeleza habari ya fundi mmoja ambaye kofia yake ilivutwa na pangaboi na yeye akaifuata hatua mbili, na ya tatu wenzake wakamshika mkanda. Watu wa foleni walisogea karibu. Moloimet naye alisikiliza, maana katika miaka yote hiyo walikuwa wamezungumza ng'ombe tu.

Angelina akaandika mistari minne daftarini, akamsomea Piusi, naye akakubali kila mmoja. Hakutaja kesi. Wakubwa wake wakitaka kuuliza, alisema, watauliza, na namba ya simu ya afande ameshaiandika. Koti lenyewe hangelitupa kwenye lundo. Angelipeleka kambini na barua, darasani kwa wanaoanza kupanda ndege. Asingeahidi, lakini angeomba mzee aitwe siku moja aje asimame mbele yao.

"Sasa," alisema Moloimet, "mimi naliomba."

"Babu?"

"Koti. Huyu alinipa bila ruhusa. Wewe mwenyewe nipe, tumalize."

Angelina alimtazama kwa heshima zote. "Lingekuwa langu ningekupa, babu. Si langu."

Moloimet alimgeukia Piusi. "Umesikia binti anavyojibu? Hivyo ndivyo ulivyotakiwa kusema."

Zile shanga, hata hivyo, hazikuwa za jeshi. Angelina alichukua wembe, akafumua uzi wa Nareyu polepole kuzunguka kola yote, asipoteze hata punje, akamkabidhi Moloimet zikiwa kwenye karatasi. Ugoro uliobaki mfukoni nao akaurudisha.

Walipoiacha meza, upepo ulimpata Moloimet na shuka lake jekundu moja. Alisimama ameshika karatasi ya shanga.

"Basi hatuna jina," alisema.

Piusi alifungua vifungo vya sweta lake la kijivu, kimoja kimoja, mbele ya watu. Lilikuwa zito, la sufu. Akalivua, akabaki na shati. "Chukua."

Moloimet hakunyoosha mkono. "Hili ni la nani?"

"Langu."

"Uliniambia hivyo na lile."

Moloimet akatoa simu yake shingoni, akaitafuta namba ya Selestina, akaweka sauti kubwa.

"Nani?" alisema Selestina.

"Moloimet, shemeji. Nina swali la kisheria. Hili sweta la kijivu alilovaa mumeo ni la nani?"

Kuku walisikika kwanza. "Sufu nilinunua mimi," alisema Selestina. "Nimelifuma mimi. Nimemvalisha mimi asubuhi. Yeye hapo ana mabega tu."

"Kwa hiyo hawezi kunipa."

"Hawezi. Mimi ndiye ninayekupa. Lisifuliwe kwa maji ya moto. Na huyo mzee amebaki na nini?"

"Shati."

"Anatafuta nimonia. Mwambie afunge vifungo."

Moloimet alilivaa. Mikono iliishia katikati ya kigasha, lakini akasimama ndani yake kama mtu mwenye hati. "Sasa tumepeana na shemeji," alisema. "Wewe bado. Una kitu gani chako, chako kabisa?"

Piusi alifikiri. Nyumba ilikuwa ya Selestina zaidi. Shamba aliachiwa na baba. Redio alinunuliwa na Lusia. Alifikiri mpaka pua ikawa nyekundu, Moloimet akimsubiri bila haraka, kama anayesubiri ng'ombe amalize kunywa.

"Nina mzinga," alisema. "Uko shambani, juu ya mti. Niliuchonga mwenyewe, gogo nililiangusha mwenyewe."

Moloimet aliupima huo kichwani. Mwakani kulikuwa na jando la mjukuu wake, na jando linataka asali. "Mzinga ni mzuri," alisema. "Na nyuki je? Ni wa nani?"

"Nyuki ni wa nyuki."

"Sawa," alisema Moloimet, na akamshika mkono kumwelekeza njia ya shambani. "Hao nitazungumza nao mwenyewe."